Chupa Yenye Uzi wa Bluu

Milango ya Maji
Jumanne, 3 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Naanza na salamu ili usiseme tena kwamba nikishika kalamu huwa nina shida. Nina shida.

Mke Mwenza anajikuna. Si kule kujikuna kwa paka aliyeshiba anayetafuta la kufanya. Anajikuna mpaka anaanguka kitandani. Nyuma ya masikio ngozi imekuwa nyekundu, tumboni kuna mabaka yasiyo na manyoya, na asubuhi nikitandika shuka naokota manyoya ya kujaza mto. Nimemchana kwa kitana nikitafuta kupe na viroboto, hakuna hata mmoja. Nilimwogesha kwa sabuni ya kufulia, ile ya mche, ndiyo pekee niliyo nayo, na nadhani nimemzidishia. Nigombeze, lakini nisaidie.

Unakumbuka marehemu mke wangu alivyompa jina hilo kwa utani, eti mwanamke gani huyu anahamia kwa watu na kulala katikati ya mume na mke bila hata kubisha hodi. Mwaka umepita tangu tumzike, na huyu ndiye pekee katika nyumba hii aliyewahi kukaa mapajani mwake. Akiondoka na yeye, nitakuwa nazungumza na milango ya chuma. Naogopa, Dada, nakwambia ukweli.

Mto umeanza kupanda, na mlinzi wa milango hii ni mimi peke yangu. Radi ilipiga mlingoti wa redio wiki iliyopita na fundi hajaja, kwa hiyo usitarajie habari zangu isipokuwa kwa lori la chakula, Jumatano tu. Dereva hasubiri. Anatupa gunia lake, anachukua langu, anageuza kabla maji hayajafunika daraja.

Mdogo wako,
Kimbaumbau


Chumba cha Kuogeshea
Jumanne, 10 Machi

Kimbaumbau,

Marahaba. Sabuni ya mche? Umekulia kwenye chumba hiki ukinishikia mbwa wakorofi, halafu leo unamwogesha paka kama soksi?

Sikiliza. Nakuletea chupa moja ya shampuu laini, ile isiyo na harufu wala rangi, ninayowaogeshea wenye ngozi za kudeka. Ni chupa ya kahawia kama zote, maana nanunua kwa madumu na kugawa mwenyewe. Karatasi za majina niliacha kubandika zamani, maji yalikuwa yanazila. Utaratibu wangu unaujua: uzi wa bluu shingoni ni shampuu laini, uzi wa kijani ni dawa ya kupe ya mbwa. Yako ina uzi wa bluu, nimeichagua kwa mkono wangu.

Maji yawe vuguvugu, kama ya kumwogeshea mtoto mchanga. Kabla ya yote dondosha tone moja upande wa ndani wa mkono wako, usubiri. Ngozi yako ikikataa, yake itakataa mara mbili. Usimsugue, mpapase. Povu likae muda wa kumaliza kikombe cha chai, na akitaka kujilamba mviringishe kwenye taulo kibaki kichwa. Kisha suuza, na ukidhani umemaliza suuza tena, kwa sababu povu linalobaki ndilo linalowasha. Mara moja kwa wiki, si zaidi. Na mwambie mambo mazuri muda wote, hata kama ni uongo.

Usishangae mistari kupandana, kalamu ni mbovu. Na wewe andika herufi kubwa kidogo, unaandika kama mtu anayeficha kitu. Mwalimu wa mlango wa pili anakusalimu. Anasema h yako imekuwa kama kiti kilichovunjika mguu. Kustaafu hakujampunguzia kitu, bado anasahihisha dunia nzima. Keshokutwa ananiletea paka wake, Mkaguzi, naye ana muwasho mgongoni. Mkaguzi unamjua, hakubali beseni mpaka azunguke kila kona ya chumba kama ametumwa na serikali. Mwalimu anampenda kuliko wanafunzi wake wote wa miaka thelathini na mmoja. Amesema mwenyewe.

Dada yako


Chumba cha Kuogeshea
Jumamosi, 14 Machi

Kimbaumbau,

Usiifungue ile chupa. Kama umeifungua, usiitumie. Kama umeitumia, mwogeshe Mke Mwenza tena sasa hivi kwa maji vuguvugu na sabuni ya vyombo, mara tatu, mviringishe asijilambe, na unawe mikono kabla hujagusa chakula. Fanya hivyo kwanza, ndipo uendelee kusoma.

Mkaguzi amekufa.

Nilimwogesha Alhamisi. Jioni ile masikio yakaanza kumchezacheza. Ijumaa asubuhi alikuwa anatetemeka mwili mzima, mate yanamtoka, miguu inakwenda kama anakimbia, na huku amelala ubavu. Mwalimu akamwita daktari wa mifugo. Daktari alimnusa mgongoni, kisha akaja mlangoni kwangu kuniuliza nilimpaka nini, kwa sababu anavyoona yeye hiyo ni dawa ya kupe ya mbwa. Mbwa anaivumilia, alisema, lakini mwili wa paka hauiwezi. Nikamjibu kwamba nilitumia shampuu laini kama siku zote. Nilisema hivyo nikimtazama usoni, au nikitazama pale nilipodhani uso wake upo. Leo asubuhi Mkaguzi amekata roho ndani ya kikapu chake.

Daktari alipoondoka niliichukua chupa ile, nikadondosha tone mkononi. Lile tone ninalomwambia kila mtu adondoshe, mimi Alhamisi sikulidondosha, kwa sababu Mkaguzi alikuwa anahangaika na mimi nina uzoefu wa miaka ishirini. Mkono ukaanza kuwaka kama umeguswa na upupu. Nikaipeleka chupa dirishani nikautazama uzi.

Sasa nakwambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Sikuweza kujua kama ni bluu au kijani. Niliugeuza kwenye jua, nikausogeza mpaka puani, nikaona uzi tu, rangi ya maji machafu. Macho yangu yana ukungu tangu mwaka jana. Nimekuwa nikifanya kazi kwa mazoea, rafu ya kulia laini, rafu ya kushoto kupe. Wiki mbili zilizopita mbwa wa fundi viatu aliangusha rafu zote mbili, na mimi nikazipanga upya nikijidai naona. Chupa yako na ya Mkaguzi nilizitoa mahali pamoja.

Nilikimbilia ofisi ya maji ili wakufikishie neno. Wakasema redio yako haijibu na lori ni Jumatano. Wewe una chupa hiyo tangu Jumatano iliyopita. Sili, Kimbaumbau. Kila nikikaa namwona Mke Mwenza mapajani mwa mkeo, na naona mikono yangu ndiyo inamtoa pale.

Mwalimu hajui; daktari aliniamini, hakumwambia neno. Anakuja kunililia mimi, na mimi namwekea chai. Nikimwambia nitampoteza, mtaa mzima utajua, chumba kitafungwa, na kazi nyingine sijui. Kwa hiyo ukinijibu, andika neno moja tu: mzima, au hapana. Usiandike habari ya chupa. Usiandike habari ya macho. Usiniulize kwa nini.

Dada yako


Milango ya Maji
Jumanne, 17 Machi

Dada,

Shikamoo. Naandika leo ili barua iwe tayari lori likifika kesho.

Shampuu yako ni kiboko. Jumamosi nilipasha maji, nikamwogesha Mke Mwenza kama ulivyoagiza, hatua kwa hatua, hata taulo nilimviringisha. Alinitukana kwa lugha yao, halafu akatulia. Hajikuni tena. Manyoya ya tumboni yameanza kuota na jana amekamata panya, akamwacha juu ya kiatu changu kama zawadi. Chupa imebaki nusu, nitaitumia wiki ijayo.

Mto umepanda vidole vinne. Mwezi wa tano nina likizo, nitakuja tukae tuzungumze vizuri. Na wewe, ule uvivu wako wa kwenda kwa mtu wa miwani umeisha?

Herufi nimezikuza kama ulivyotaka.

Kimbaumbau


Milango ya Maji
Jumatano, 18 Machi, saa tano asubuhi

Dada,

Lori limeondoka sasa hivi na barua yangu ya uongo imo ndani. Barua yako nimeifungua baada ya mlio wa lori kupotea. Nimelikimbilia mpaka darajani nikipiga mayowe, maji yakanifika magotini, nikarudi.

Umesema nijibu kwa neno moja. Sitakuuliza kwa nini, lakini neno moja halitoshi.

Mke Mwenza ni mzima. Sijawahi kumgusisha kitu cha ile chupa. Nilipoitoa tu kwenye gunia niliona uzi wake ni wa kijani. Nilidhani unanitania. Nikadondosha tone mkononi, nikawashwa mpaka jioni. Ndipo nikaichukua tena barua yako, nikaitazama ile mistari inayopandana, neno limekaa juu ya neno, nikaelewa kwamba si kalamu. Nilikaa kitandani nikaogopa kama siku zile nilipokuwa namuuguza mke wangu. Nikasema moyoni, nikimwandikia Dada ukweli ataumia peke yake kule, hakuna wa kumshika mkono. Bora nisubiri likizo nimwambie ana kwa ana. Nikakuandikia kwamba nimemwogesha paka na amepona. Ukweli ni kwamba nilimwogesha kwa maji matupu, na bado anajikuna, hapa ninapoandika anajikuna.

Sasa naona nilichofanya. Kesho utapata barua ile, utasema kumbe chupa ni salama, kumbe Mkaguzi ameuawa na kitu kingine. Utairudisha kwenye rafu na utaitumia. Ni paka wangapi wanakuja kwako kwa wiki?

Ijumaa.

Nimepima maji mara sita. Kwa miguu mpaka kwako ni siku mbili, na maji yakigusa alama nyekundu bila mtu wa kufungua milango, watu wa chini ya mto watasombwa pamoja na nyumba zao. Nimevaa viatu mara mbili na kuvivua mara mbili.

Jumanne.

Kesho nitampa dereva barua hii mkononi, na nitamshika ukosi mpaka akubali kuifikisha mlangoni kwako mwenyewe. Dada, usitumie chupa yoyote, ya bluu wala ya kijani. Mwambie Mwalimu kwamba ni wewe uliyemuua Mkaguzi, na kwamba hukukusudia. Mwambie na habari ya macho. Ukianza upya, achana na rangi. Funga mafundo kwenye uzi: fundo moja kwa shampuu laini, matatu kwa dawa ya kupe. Vidole vyako bado vinaona.

Nisamehe. Ulisema nimwambie paka uongo mzuri, mimi nikakwambia wewe.

Mdogo wako,
Kimbaumbau


Chumba cha Kuogeshea
Ijumaa, 20 Machi

Kimbaumbau wangu,

Barua yako imefika jana, nimeirudia mara tatu. Mwalimu naye amefurahi kusikia Mke Mwenza amepona, kisha akalia tena kidogo.

Kwa hiyo chupa ni nzuri. Yako na ya Mkaguzi nilizitoa mahali pamoja, na kama ya kwako haikudhuru, ya kwangu itadhuru vipi? Ule moto mkononi ni ngozi yangu, imechoka na maji. Daktari amekosea, na wao ni watu. Kule stoo ya jirani wanaweka sumu ya panya, na Mkaguzi alikuwa hawezi kuona kona bila kuikagua. Masikini Mkaguzi. Lakini si mimi. Tangu Ijumaa ile sijapata usingizi kama niliopata jana, nimelala mpaka jua limeingia chumbani.

Ile barua yangu ya Jumamosi ichome. Nilikuwa nimechanganyikiwa.

Nimerudi kazini. Wiki hii na ijayo ni mbwa watupu, lakini Jumamosi tarehe 28 mwenye duka la vitabu ananiletea paka wake na watoto wake wanne, wote wana muwasho, wadogo hata miezi mitatu hawajafikisha. Nimewatengea ile chupa ya Mkaguzi, maana ndiyo niliyo na hakika nayo sasa.

Kuna kitu kidogo tu. Nikiishika, mkono unairudisha rafuni wenyewe. Nafikiri ni baridi.

Dada yako


Mlango wa pili
Jumanne, 31 Machi

Kwa mlinzi wa milango ya maji,

Hatujawahi kuandikiana, ingawa nakufahamu kuliko unavyodhani. Mimi ndiye Mwalimu. Dada yako haoni mwandiko wa mtu mwingine tangu mwaka jana, na mimi ndiye ninayemsomea barua zako, mezani kwake, kwa sauti. Aliniambia miwani imevunjika, nikaamini. Za kwake huandika mwenyewe na kuziba bahasha kabla sijafika. Sasa najua kwa nini alikuomba neno moja.

Dereva alileta barua yako Alhamisi. Dada yako alinipa, nikaanza kusoma kama kawaida. Nilipofika kwenye uzi wa kijani akasema, "Mwalimu, inatosha." Nikaendelea. Nilipofika kwenye jina la Mkaguzi akasema, "Mwalimu, nakuomba." Nikaendelea mpaka jina lako kule chini. Sauti yangu haikutetemeka. Nilijivunia hilo kwa dakika chache, kisha nikaona aibu.

Niliikunja barua, nikaiacha juu ya meza, nikaenda kujifungia kwangu. Chupa ninaweza kuielewa. Ninachoshindwa kukielewa ni ile chai. Wiki mbili ananiwekea sukari, ananikalisha, ananifuta machozi kwa taulo zake za wanyama, na anajua. Na siku ile ya barua yako ya uongo alifurahi, nikafurahi naye, nikadhani amefurahi kwa ajili ya paka wako.

Ijumaa sikwenda kwake. Jumamosi asubuhi nilikuwa dirishani nikamwona mwenye duka la vitabu anakuja na kikapu, na paka wadogo wanalia ndani yake. Ghafla nikaingiwa na hofu ambayo sijawahi kuipata, kwamba dada yako ataona haya, atafungua mlango, na atachukua ile chupa. Nilikuwa nimekaa siku mbili na hasira yangu na sikuwa nimemwuliza hata chupa iko wapi. Nilishuka ngazi bila viatu.

Mlango wake ulikuwa umefungwa. Yeye alikuwa ameketi mbele yake kwenye kigoda, mikono mapajani, na alipomsikia mwenye duka akasema kwa sauti, wapita njia wakisikia: "Sioni. Nilimuua paka wa Mwalimu kwa dawa ya mbwa, nikamdanganya. Hawa wapeleke kwa daktari." Alisema akitazama upande ambao hapakuwa na mtu. Mimi nilikuwa nyuma ya mwenye duka, na hakujua kwamba nipo.

Sijamsamehe. Nakuandikia hili mapema, usije mwezi wa tano ukadhani mambo yamekwisha. Kile kikapu cha Mkaguzi bado kipo sebuleni kwangu na siwezi kukitazama wala kukitoa. Lakini jana nilimpeleka kwa daktari wa macho, maana mwingine wa kumpeleka ni nani? Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Watampasua mwezi ujao. Anaogopa sana. Njia nzima alikuwa ananiuliza itakuwaje daktari akichukua chupa isiyo yenyewe. Nilimwambia atulie, na mimi mwenyewe sikutulia.

Chupa zote za zamani tumempa daktari wa mifugo aziharibu. Chumba kitabaki kimefungwa mpaka atakapoona. Tumenunua dumu moja jipya la shampuu laini, nikasoma maandishi yake yote, mbele na nyuma, ndipo nikafungua. Nyuzi nimekata mimi. Mafundo nimeyafunga mimi, na nimemkalisha akayapapasa mpaka akawa anayataja bila kukosea. Alipopatia mara kumi mfululizo alilia. Nikamwambia arudie.

Kwenye gunia hili kuna chupa yenye fundo moja. Kabla ya kuifunga nilidondosha tone mkononi mwangu, nikakaa nalo saa nzima. Katikati ya saa hiyo nilianza kuhisi linawaka, nikataka kuimwaga chupa yote. Nikaliosha, nikaanza upya na tone jingine, dada yako akiwa amenishika mkono. Halikuwaka.

Mwogeshe Mke Mwenza. Kisha uniandikie ilivyokuwa, iwe ni heri au ni msiba. Nitamsomea yote, mpaka mwisho.

Mwalimu